Alama za Vitabu vya Michezo ya Kuigiza Mezani: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara

Sisi ni wachezaji wa Kisumu tunaokutana wikendi. Tunasoma vitabu vya michezo ya kuigiza mezani, tunavicheza, kisha tunaandika tulichokiona na kukipa kila kitabu alama kati ya 1 na 10. Maswali yanayotufikia ni yale yale, mengine ya upole, mengine ya hasira. Majibu ni haya.

Mimi ni mgeni kabisa. Huu ni mchezo gani?

Watu watatu hadi sita wanaketi pamoja. Mmoja ni mwendeshaji: ndiye anayeeleza mahali, hatari na watu mnaokutana nao. Wengine kila mmoja ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa na shaka, dadu hurushwa. Ubao si lazima, na mara nyingi hakuna mshindi. Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, iliyochapishwa Marekani mwaka 1974, ndiyo iliyofungua njia. Tangu hapo imekuja michezo ya anga za mbali, ya upelelezi, ya kutisha, hata ya mapenzi. Kama uliwahi kuitikia "pakawa" ukiwa mtoto, kisha ukamkatiza bibi kumwuliza kwa nini fisi hakukimbia tu, tayari unajua nusu ya kazi.

Alama zenu zina maana gani hasa?

Anza na 5, kwa sababu ndiyo inayoleta ugomvi. Shuleni tulifundishwa kuwa nusu ni aibu, kwa hiyo mtu akiona 5 anadhani tumekitukana kitabu chake. Hatukukitukana. Kitabu cha 5 kinachezeka: tunakiendesha Jumamosi bila kulaumiana, ila tukimaliza hakuna anayeuliza tutakirudia lini. Cha 6 au 7 kina kitu ambacho hatukukipata kwingine, na kasoro zake zinavumilika. Cha 8 tunakirudia wenyewe bila kuombwa. Alama 9 tunaitoa kwa nadra, kwa kitabu kilichobadilisha hata namna tunavyoendesha michezo mingine. Alama 10 hatujaitoa, na si kwa maringo. Hatujakutana na kitabu ambacho mwendeshaji hakulazimika kukirekebisha mahali fulani.

Ukishuka chini ya 5, alama 4 maana yake meza ililazimika kujitungia kanuni ili jioni isiharibike. Alama 3 na 2 ni za vitabu vilivyoiharibu jioni hata hivyo. Alama 1 tumeiweka kwa ajili ya udanganyifu, kwa mfano kurasa zilizonakiliwa kutoka kwa mwingine zikapewa jalada jipya.

Hatutoi nusu alama. Anayeandika 7.5 bado hajaamua.

Mbona hamtoi alama za picha, kanuni na mpangilio kando kando, kisha mkatafuta wastani?

Kwa sababu wastani unaficha ukweli. Kitabu chenye picha za 10, kanuni za 2 na mpangilio wa 6 kitapata 6, sawasawa na kitabu cha wastani kila upande. Cha pili utakicheza. Cha kwanza utakiweka sebuleni wageni wakione.

Huwa mnakicheza kitabu au mnakisoma tu?

Juu ya kila uhakiki tunaandika mojawapo ya mambo matatu: kimesomwa tu, kimechezwa kikao kimoja, au kimechezwa mfululizo. Kilichosomwa tu hakipati alama. Tunaweza kukieleza, kukisifu na kukishuku, lakini nambari hatuiweki.

Msimamo huu umetukosanisha na watu, kwa hiyo tuueleze vizuri. Wanunuzi wengi wa vitabu hivi hawavichezi kamwe. Wanavisoma kitandani kama riwaya, na wachapishaji wanalijua hilo. Ndiyo maana utakuta kurasa nyingi za historia ya falme zilizoanguka zamani, nasaba za wafalme, mashairi ya miungu; mambo matamu kusoma ambayo hayatamsaidia mwendeshaji hata kidogo wakati mchezaji anapomwuliza, "Naweza kumsukuma huyu mlinzi aangukie mtoni?" Swali hilo ndilo mtihani. Jibu liko ukurasa gani? Linapatikana kwa faharasa, au mwendeshaji anapekua huku wenzake wakitoa simu mfukoni? Wakishatoa simu, umeshawapoteza.

Basi tunakaa na kitabu mezani tukakitazama kikifanya kazi. Mchezaji ambaye hajakisoma anachukua muda gani kuunda mhusika? Pambano dogo na majambazi wanne linakwisha kabla chai haijapoa, au linakula jioni nzima? Na kuna sheria moja tunayoishika sana: mwendeshaji wa kikao cha kwanza haruhusiwi kutazama video za maelezo wala kuuliza mtu aliyekwisha kucheza. Kitabu kijifundishe chenyewe. Vitabu vingi maarufu huanguka hapo, maana vimezoea kuuzwa kwa watu ambao tayari wana rafiki wa kuwafundisha. Huku kwetu rafiki huyo mara nyingi hayupo. Kitabu ndicho rafiki.

Mlikipa 6 kitabu kilichoshinda tuzo. Mnajiona nani?

Wachezaji. Tuzo za ENNIE, ambazo zimekuwa zikitolewa Marekani tangu 2001, huanza na waamuzi wanaochagua wagombea, kisha umma unapiga kura. Ni utaratibu wa heshima. Lakini mtu hukipigia kura kitabu anachokijua, na kitabu kinachojulikana ni kile kilichofika dukani kwao.

Mnazikaguaje hesabu za dadu? Mimi hesabu zilinishinda.

Hesabu zenyewe ni za darasa la saba. Kinachotakiwa ni kujua cha kuuliza: je, dadu zinatimiza maneno ya kitabu?

Chukua mchezo wa dadu ya pande 20. Kitabu kinamwita mhusika wako bingwa wa kupanda kuta, kinampa nyongeza ya 5, kisha ukuta wa ugumu wa kati unadai jumla ya 15. Anahitaji dadu imwonyeshe 10 au zaidi; hizo ni nafasi 11 kati ya 20, yaani asilimia 55. Bingwa anayeporomoka karibu kila akipanda mara mbili ni bingwa wa nini? Mezani watu hucheka, na kisa kilichokusudiwa kuwa cha mashujaa kinageuka vichekesho. Mwandishi mwangalifu angemwambia mwendeshaji waziwazi asimrushishe dadu bingwa kwa jambo analolifanya kila siku. Tunatafuta sentensi hiyo kitabuni. Ikikosekana, alama inashuka.

Linganisha na Call of Cthulhu ya kampuni ya Chaosium, mchezo wa kutisha uliotoka 1981. Ujuzi wako umeandikwa kwa asilimia. Ukiwa na 50, unashindwa mara moja katika kila mbili. Hapo kushindwa kunafaa, kwa sababu wahusika ni watu wa kawaida waliokutana na mambo yaliyowazidi kimo. Mchezaji aliyefanikiwa kila mara asingeogopa kitu.

Halafu kuna mtindo ulioenea baada ya Apocalypse World ya Vincent na Meguey Baker, ya mwaka 2010. Unarusha dadu mbili za kawaida na kuzijumlisha: 10 au zaidi umefaulu, 7 hadi 9 umefaulu lakini kwa gharama, 6 kushuka mambo yanakuharibikia. Michanganyiko yote ni 36. Ukiwa na nyongeza ya 1, ushindi kamili unapatikana kwa michanganyiko 10, kuharibikiwa kwa 10, na ule ushindi wa gharama kwa 16. Yaani tokeo la kawaida kuliko yote ni "ndiyo, lakini". Sasa fikiria kazi ya mwendeshaji. Usiku kucha anadaiwa hizo gharama: upanga ulivunjika, mlinzi aliamka, deni liliongezeka. Kitabu kinachoiga mfumo huu bila kumpa mifano ya kutosha kimemtupia mzigo wote yeye. Vitabu vingi vilivyoiga vimechukua dadu vikaiacha mifano, na hapo ndipo alama zao zinapopotelea.

Mnawezaje kulinganisha mchezo wa ukurasa mmoja na kitabu kizito?

Hatulinganishi. Lasers & Feelings ya John Harper inaingia kwenye ukurasa mmoja; Player's Handbook ya Dungeons & Dragons ya mwaka 2024 ina kurasa 384. Kila kimoja tunakidai kilichoahidi. Cha kwanza kinaahidi jioni moja ya vurugu angani, cha pili kinaahidi miaka. Ukisoma 8 ya ukurasa mmoja na 7 ya kitabu kizito, usidhani tumesema kile kidogo ni bora. Soma maneno yaliyo chini ya nambari. Tunayaandika kwa jasho.

Bei inaingia kwenye alama?

Haiingii, lakini tunaiandika kando, na tunaiandika yote. Bei ya kitabu nchini Uingereza au Marekani ni nusu ya habari. Kukifikisha Kisumu, nauli ya kifurushi pamoja na ushuru inaweza kukaribia bei ya kitabu chenyewe, wakati mwingine kuizidi. Wengi wetu tunanunua nakala za PDF, tukilipa kwa kadi ya Visa ya M-Pesa.

Kabla hujatoa hata shilingi, jua kwamba kuna vya bure halali. Kanuni za msingi za Dungeons & Dragons, zile ziitwazo SRD 5.1, zilitolewa Januari 2023 chini ya leseni ya Creative Commons, baada ya wachezaji na wachapishaji wadogo kuikasirikia kampuni inayouchapisha mchezo huo ilipotaka kubadilisha leseni yake ya zamani. Ironsworn ya Shawn Tomkin nayo ina PDF ya bure, na unaweza kuicheza peke yako. Kwa mtu wa Bondo au Malava asiye na wenzake karibu, hiyo si faida ndogo. Nakala za wizi hatuzihakiki, na tafadhali msitutumie.

Mbona kila mara mnalalamika kuhusu simu?

Kwa sababu ndipo vitabu vinaposomewa. Ukurasa mkubwa wenye safu mbili za maandishi unaufungua kwenye simu ya inchi sita: unavuta kushuka safu ya kwanza, unapanda tena juu, unasogea kulia, unashuka ya pili. Fanya hivyo mara kumi wakati joka linakusubiri. Vitabu vya kurasa ndogo zenye safu moja vinasomeka vizuri zaidi, na tunasema hivyo. Tunaangalia pia kama PDF ina viungo vya kukupeleka moja kwa moja kwenye sura, na kama kuna toleo lisilo na picha za nyuma. Peleka kurasa zenye mandhari meusi zikachapishwe saiba, mjini au Kondele, uone watakavyokutoza. Kisha jaribu kusoma ulichopewa, hasa kama ulichagua nyeusi na nyeupe ili kuokoa pesa.

Na picha?

Nzuri ni nzuri. Hazijawahi kupandisha alama zaidi ya moja.

Vitabu vya mikasa mnavipima kwa kipimo hicho hicho?

Nambari ni zile zile, macho ni tofauti. Kitabu cha kanuni unakisoma kabla, lakini kitabu cha mkasa, yaani kisa kilichotungwa tayari ili mwendeshaji akiendeshe, kiko wazi mbele yako wakati watu wanazungumza. Kwa hiyo tunakifungua katikati, popote, na kuuliza: ningeweza kuendesha chumba hiki sasa hivi? Aya ndefu ya kusomewa wachezaji ni dalili mbaya. Baada ya sentensi ya nne hakuna anayesikiliza. Dalili mbaya zaidi ni jambo muhimu lililofichwa mbele: unafika ukurasa wa 40 ndipo unaambiwa kwamba yule mwenye duka la kwanza alikuwa muuaji, na wewe ulishawaacha wachezaji wamfunge kamba na kumhoji.

Swali la mwisho ni hili: wachezaji wakikataa? Chifu anawaomba waende pangoni, nao wanasema hapana, tunarudi nyumbani. Mkasa mzuri unajua nani ataumia wakirudi nyumbani. Mkasa dhaifu unamwachia mwendeshaji kuwabembeleza.

Mama yangu anasema hii michezo ni ya kishetani. Nimwambie nini?

Mwalike aketi. Hofu hiyo ilitikisa Marekani nzima miaka ya 1980, hata toleo la pili la Advanced Dungeons & Dragons, mwaka 1989, likayaondoa majina ya mashetani na mapepo ili kutuliza wazazi. Mezani kwetu hakuna anayeabudu kitu. Kuna watu wanaobishana kama mbuzi anaweza kuingia kwenye mtumbwi.

Ila hoja ya mama hatuipuuzi. Vipo vitabu vyenye damu nyingi, mateso na mambo ya chumbani, na mwisho wa kila uhakiki tunayataja hayo wazi pamoja na umri tunaodhani unafaa. Tunaangalia pia kama kitabu kinawafundisha wachezaji kulindana. Njia moja inayojulikana ni ya John Stavropoulos: kadi yenye herufi X inawekwa katikati ya meza, na yeyote akiigusa, jambo linaloendelea linarukwa bila maswali. Kitabu cha kutisha kisichosema lolote kuhusu hilo, siku hizi, kimezembea.

Vitabu vinavyojiita vya Kiafrika mnavionaje?

Kwa jicho kali, kwa sababu tunavitamani sana.

Kosa la kwanza ni lile la bara zima kuwa kijiji kimoja. Jina la mji limetoka pwani, la mfalme limetoka magharibi mwa bara, mavazi ya wafugaji wamevikwa wavuvi. Kosa la pili ni la ndani zaidi, nalo hukuta hata vitabu vilivyofanyiwa utafiti. Tazama kinavyochora mji wa ziwani: vibanda, ngoma, mzee mwenye hekima, mamba. Aliyewahi kushinda asubuhi ufukweni Dunga anajua maswali ya kweli ni mengine. Mtumbwi ni wa nani? Waliovua wanagawana vipi na mwenye mtumbwi? Akina mama wanaonunua samaki wamekopa kwa nani, na gugumaji likiziba ghuba, nani anakosa chakula kwanza? Kurasa mbili za madeni kama hayo zinazaa mikasa kuliko kurasa thelathini za majoka.

Kipimo chetu kingine ni Luanda Magere. Hadithi yake inajulikana: shujaa wa Waluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, mkuki haukupenya, mpaka bibi arusi aliyetoka kwa adui alipomuuguza akagundua kwamba uhai wake uko kwenye kivuli. Jiulize kama kanuni za kitabu zinaweza kumbeba. Katika michezo mingi uhai ni hesabu inayopungua kila ukipigwa, kwa hiyo Magere anakuwa tu mtu mwenye nambari kubwa, na suluhisho ni kumpiga zaidi. Hadithi yenyewe inasema kinyume: kupiga hakusaidii, siri ndiyo silaha, na siri hupatikana kwa ndoa na kwa kumuuguza mgonjwa. Mchezo unaojua kufanya siri iwe na uzito kuliko upanga tutaukaribisha hata kama mwandishi wake hajawahi kuliona ziwa letu. Na unaojiita wa Kiafrika huku kila tatizo likitatuliwa kwa upanga, tutauambia hivyo.

Mnapewa vitabu bure na wachapishaji?

Mara chache, na tukipewa tunaandika kwenye mstari wa kwanza. Mchapishaji haoni uhakiki kabla ya wasomaji.

Toleo jipya likitoka, alama ya zamani inabadilika?

Alama ni ya toleo tulilolicheza. Ya Dungeons & Dragons ya 2014 inabaki ya 2014. Tunarudi nyuma pale tu mchapishaji anaporekebisha PDF ile ile kiasi cha kubadilisha mchezo, na tunaweka tarehe.

Vitabu vyote ni vya Kiingereza. Mnacheza kwa lugha gani?

Kiswahili, Dholuo na Sheng, kadiri jioni inavyokwenda. Kwenye uhakiki tunaeleza Kiingereza cha kitabu ni kizito kiasi gani, kwa sababu kuna waandishi wanaotumia sentensi ya mistari saba kueleza jinsi ya kufungua mlango. Anayetaka kutafsiri aanze na ile SRD 5.1: leseni yake inakuruhusu kuitafsiri, kuibadilisha, hata kuiuza, mradi utaje ilikotoka kama inavyoagiza.

Nataka kuanza kuhakiki. Nianze wapi?

Chagua kitabu chembamba. Kiendeshe kabla hujasoma maoni ya mtu yeyote. Weka karatasi kando, na kila unaposimama kutafuta kitu andika swali lililokusimamisha na ukurasa uliokukuta nalo. Orodha hiyo ina thamani kuliko hisia zako za asubuhi yake. Waulize wachezaji walikumbuka nini siku tatu baadaye. Andika nani aliketi mezani, wageni au wazoefu, maana kitabu kile kile huwa vitabu viwili. Nambari iweke mwisho, na ikikupa shida kuichagua, rudi uendeshe kikao kingine.

Dadu za pande nyingi sizipati dukani. Nifanyeje?

Programu za simu za kurusha dadu ni za bure. Ukitaka kitu cha mkononi, chagua michezo ya dadu za kawaida. Za seti ya ludo zinatosha. Dadu za mchezo uitwao Fate, zenye alama za kutoa, kujumlisha na upande mtupu, hazihitaji kununuliwa: 1 na 2 ni kutoa, 3 na 4 ni tupu, 5 na 6 ni kujumlisha. Kwa dadu ya pande 10, andika 0 hadi 9 kwenye vipande vya karatasi, uviweke kwenye kikombe, na urudishe kipande kila baada ya kukichomoa.